Mkono Uliochorwa kwa Kahawa

Bwera, 4 Machi 2025

Wifi Acan,

Nisamehe kwanza kwa kuchelewa kuandika. Tulimzika mama Desemba, sasa ni miezi mitatu, na kila nikishika kalamu Eseri anaamka, au baba anataka kupelekwa juani, au kuni zinazima. Barua hii yenyewe nimeianza mara nne. Hilo doa unaloliona hapo juu ni maziwa. Sina karatasi nyingine.

Ningepiga simu, lakini simu yangu hupokei, na nimechoka kusikiliza mlio mpaka ukate. Kwa hiyo barua nimempa Salmah, yule muuza vitenge anayekuja soko la Mpondwe Jumanne na Ijumaa na kurudi Kasese jioni. Anasema yeye si posta. Nimempa mkungu wa ndizi, amekubali kuwa posta.

Salmah huyo ndiye aliyenieleza. Anasema alikula kwenye hoteli yako pale karibu na steji ya magari, akainua macho, akaona picha ukutani. Sombe ya majani ya muhogo. Samaki wa moshi. Maharage na nyanya chungu. Akauliza nani amechora, na wewe ukamjibu, "Ni za nyumbani kwetu."

Wifi, si za nyumbani kwenu. Ni zangu.

Mama alipougua ghafla Novemba nikaacha chumba chetu cha kupanga, nilikuachia sanduku la bati ulitunze. Halikuwa na kufuli kwa sababu nilikuamini. Ndani mlikuwa na masufuria mawili, shuka, na daftari kubwa lenye jalada la bluu. Hilo daftari ndilo ninalolitaka. Jonan nimemwagiza mara mbili. Akija analeta sabuni, analeta sukari, daftari hamna. "Dada amesema atakupa mwenyewe." Unajua mume wangu hawezi kubishana na wewe. Wewe ndiye uliyemlea.

Labda unafikiri ni karatasi tu. Ngoja nikueleze. Nilipokuwa na mimba ya Eseri, Jonan yuko zamu kiwandani kwenye saruji, mimi niko peke yangu na sigiri moja ya mkaa, nilikuwa nabandika maharage na kukaa chini. Maharage hayaharakishwi. Basi nachukua kitunguu, nakilaza juu ya karatasi, nakizungushia kipande cha mkaa, halafu natia rangi. Rangi sikununua. Njano ni binzari. Kijani ni jani la muhogo, unalisugua kwa kidole mpaka litoe maji. Nyekundu ni mawese. Kahawia ni kahawa ya mama, ile nzito inayobaki chini ya kikombe. Sufuria ikianza kunukia na mimi nimemaliza ukurasa. Siku hiyo nakula chakula mara mbili, kwa macho na kwa mdomo. Sijui kama wewe umewahi kuwa na kitu cha namna hiyo, kitu unachokifanya wala hakuna aliyekutuma.

Sikuchora ili zitundikwe. Nirudishie.

Mtoto anakusalimia, shangazi yake. Ana meno mawili.

Biira


Kasese, 7 Machi 2025

Mama Eseri,

Bwana asifiwe. Barua yako nimepata, na kweli inanuka maziwa.

Miezi mitatu umenyamaza, leo umesikia picha zinapendwa ndiyo umekumbuka kwamba una wifi. Asante sana. Mimi nilifikiri utauliza ndugu yangu anakula wapi. Anakula kwangu. Nani anamfulia? Mimi. Mwanamke ameenda kuuguza mama yake, sawa. Mama amekufa, Mungu amrehemu, tumezika. Na bado huyu mwanamke hajarudi kwa mume. Amekaa Bwera ananiandikia habari ya vitunguu.

Kuchora! Mutu mzima, mwenye mtoto mgongoni, analaza kitunguu kwenye karatasi! Sisi tuliokulia kwenye nyumba za mgodi tulipika ili watu wale, basi. Mama yetu hakuchora hata nyanya moja, na sote tulikua.

Sanduku lako panya walikuwa wameanza kona moja. Nililifungua Januari ili niliokoe. Nikaona daftari, nikasema, hili angalau linaweza kufanya kazi. Nikalipeleka kwa Ssali wa fotokopi. Amezikuza picha kwa mashine, kila moja imekuwa mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, nikazifunika na nailoni. Sasa mteja akiingia haulizi, anaonyesha kwa kidole: nipe ile. Hata Amoding, mwenyekiti wetu wa Umoja wa Akina Mama kanisani, ambaye hajanisifu tangu nibatizwe, alisimama hapo akasema, "Acan, hii sombe ya ukutani inanitia njaa."

Ndivyo nilivyopewa kupika chakula cha Umoja, tarehe ishirini na tisa mwezi huu. Watu themanini na mchungaji mgeni. Miaka kumi na moja nimeosha sahani katika Umoja ule, Biira. Miaka kumi na moja mikono yangu iko ndani ya beseni na wengine ndio wanaopakua. Mwaka huu nashika mwiko.

Na nitapika sombe yako. Nitafuata picha, na majani, na mawese, na bonge la chumvi ya ziwa Katwe kama ulivyolichora. Maana nitasema ukweli hata kama unaniuma: Jonan anaisifu hiyo sombe kila siku, mpaka natamani kumpiga na sahani.

Ukurasa mmoja tu ndio sikuuelewa, ule wa mkono. Daftari zima ni chakula, ghafla mkono! Tena mkono mbaya, vidole viwili vimepinda kama tangawizi. Watoto wa nasari wanachora mikono vizuri kuliko wewe. Nimeukata nikaupatia kazi.

Daftari unalitaka? Njoo ulichukue mwenyewe. Na ukija, uje kukaa na mume wako.

Acan


Bwera, 11 Machi 2025

Wifi,

Umeukata? Kazi gani? Uko wapi sasa?

Nirudishie ule mkono, Salmah akija Ijumaa. Daftari lifuate baadaye ukipenda, lakini mkono kwanza. Sitaki kukueleza kwa nini. Si lazima kila kitu changu nikuelezee wewe ndipo kiwe changu.

Unauliza kwa nini sijarudi. Baba yangu Syahuka bado anaweka sahani mbili mezani, yake na ya mama, halafu anakaa anaitazama ile ya pili mpaka mboga inaganda. Siwezi kumwacha hivyo. Jonan anajua. Tumekubaliana mimi na yeye, mpaka kahawa ivunwe. Wewe hukuulizwa kwa sababu ndoa si yako.

Hiyo habari ya chakula cha Umoja, hongera. Na mimi nitakukumbusha chakula kingine. Ulikuja kwenye msiba wetu, ukakaa na sahani ya maharage, ukasema mbele ya wazee na majirani, "Huyu ndiye mpishi anayesifiwa na ndugu yangu? Maharage hayana hata chumvi!" Watu walicheka kidogo, halafu wakaona aibu wakainamia sahani zao. Nilikuwa nyuma ya nyumba. Nilisikia.

Basi pika sombe. Picha ile ni ya sufuria ya watu wanne, wewe zidisha. Chukua bonge la chumvi, lishikize ukutani juu ya picha yake. Likiifunika picha, limetosha. Mabonge yote yaweke chini kabisa, majani juu, funika, usifungue mpaka mwisho. Hata ukiona ni mengi, usipunguze.

Mkono, Ijumaa.

Biira


Kasese, 1 Aprili 2025

Biira,

Leo sikusalimu.

Umefurahi? Kaa chini nikueleze, ufurahi vizuri.

Jumamosi akina mama wote tulifunga mpaka mchungaji abariki chakula. Unajua desturi yetu, ulifunga nasi mwaka juzi. Kwa hiyo sikuonja. Mabonge ishirini niliyapanga mezani kama trei ya mayai, nikayahesabu mara mbili. Nilijiambia, mbona chumvi hii ni nyingi? Lakini barua yako ilikuwa mfukoni, kwa mwandiko wako: usipunguze. Nikasema, pengine hiyo ndiyo siri yenu Wakonzo. Nikatia yote.

Mchungaji mgeni akabariki. Akakata tonge la bundu, ugali wenu wa muhogo, akachovya, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna. Akatazama juu ya paa kama mutu anayeomba. Akasema, "Maji, tafadhali." Akapewa. Akasema, "Mengine." Amoding akaonja, akatema kwenye leso. Halafu kwa sauti yake ile ya kusoma matangazo akasema, "Acan, mama, umetupikia ziwa zima la Katwe? Hata hukuwabakizia ng'ombe wa kulamba?"

Walicheka watu themanini. Sufuria nne nilizimwaga shimoni. Mbwa wa kanisa alikuja, alinusa, akaenda zake.

Ni Jonan peke yake aliyekula. Alikaa benchi la nyuma, macho yanatoka machozi, akafika nusu ya sahani. Nikamwambia, "Acha, utakufa!" Akanijibu, "Dada, ni ya Biira. Niliikosa." Hilo ndilo lililoniuma kuliko Amoding. Unamtesa mutu na bado anakula.

Jumapili Amoding alinipa beseni. Aliliweka tu mbele yangu na sabuni ndani yake.

Ulichora uongo makusudi. Ulijua ipo siku mutu atapika kutoka daftari lako, ukaweka mtego. Picha za ukutani nimezing'oa zote, nimewashia sigiri, na zimewaka vizuri. Daftari lenyewe liko hapa karibu na moto. Mkono wako wa tangawizi bado upo pale nilipoubandika. Nipe sababu moja kwa nini nisivichome vyote viwili. Moja tu. Nangoja mpaka Alhamisi ya wiki ijayo.

Acan


Bwera, 4 Aprili 2025

Wifi Acan,

Usichome. Nakuomba, na unajua mimi siombi ovyo.

Sababu nitakupa, lakini kosa langu litangulie.

Sikuchora uongo. Mimi kitu sikichori kwa kukitazama, nakilaza kwenye karatasi na kukizungushia, nilikuandikia hivyo tangu barua ya kwanza. Kwa hiyo picha ni saizi ya kitu chenyewe, na hicho ndicho kipimo changu. Mama hakujua kusoma, na mizani jikoni hatukuwa nayo. Bonge la chumvi likitoshea ndani ya picha, limetosha. Picha yangu ya chumvi ilikuwa kama ncha ya kidole gumba. Ssali na mashine yake wakaifanya kama yai. Na bonge lililokua urefu na upana linakua na unene pia. Mara mbili, mara mbili, mara mbili tena. Ni mara nane, wifi. Nilihesabu kwa punje za mahindi hapa sakafuni.

Nilihesabu siku ileile nilipopata barua yako ya Machi. Ndiyo. Nilijua. Nilijua mashine imekuza picha, nilijua mtafunga, nilijua hutaonja. Na nikaandika "usipunguze."

Niliandika hivyo kwa sababu ya maharage ya msiba. Nilisema moyoni, alitaka chumvi, aipate. Wewe hukujua kwa nini maharage yale hayakuwa na chumvi. Nilikuwa nimeishika mkononi, nimesimama juu ya sufuria, gari lililoleta mwili wa mama likaingia uani. Nilifungua mkono nikakimbia. Chumvi ilimwagika chini kwenye majivu. Sikuikumbuka tena mpaka nilipokusikia unasema.

Lakini hiyo haifuti. Wewe ulisema neno, mimi nilipanga jambo kwa siku kumi na nane huku nikimnyonyesha mtoto na kuimba. Watu wale hawakunikosea. Mchungaji yule simjui. Nimemwandikia Amoding barua, Salmah anayo, haijafungwa, isome. Humo nimeeleza kipimo, nimeeleza mashine, na nimeandika waziwazi kwamba nilijua. Mpe au usimpe, ni juu yako. Ila na wewe ulifungua sanduku lisilo lako, ukakata kisicho chako, na hilo nalisema hata leo nikiwa na aibu.

Sasa sababu uliyotaka.

Mkono ule si wangu. Ni wa mama yangu, Masika.

Vidole viwili vimepinda kwenye karatasi kwa sababu vilikuwa vimepinda. Aliteleza kwenye njia ya Kyarumba na gunia la kahawa kichwani, kabla sijazaliwa, na havikunyooka tena. Agosti, Eseri alipozaliwa, mama alikuja Kasese kunitunza. Alikuwa anasonga bundu laini ambalo mimi sikuweza kulipata, langu linatoka na mabuja ya unga. Nikamwuliza, unatia unga kiasi gani? Akasema, viganja vitatu. Nikamwuliza, viganja vya nani? Akacheka, akainua mkono: "Vya huyu." Basi nikamwambia auweke kwenye daftari. Mkaa ungemchafua, kwa hiyo nilichovya njiti ya kiberiti kwenye kahawa yake na kuuzungushia, kidole kwa kidole, halafu nikatia rangi ndani kwa kahawa hiyohiyo. Alikuwa anasema inamtekenya. Eseri alikuwa amelala kati yetu, na dirisha lilikuwa wazi. Tangu hapo nilikuwa namwaga unga juu ya kile kiganja mpaka uguse mstari, mara tatu, na bundu linatoka kama lake.

Miezi mitatu baadaye akaugua. Picha yake tunayo moja tu, ya kitambulisho, na hapo anaonekana kama mtu aliyeshtakiwa. Mkono ule ndio yeye. Ni saizi yake.

Sikukuambia mapema kwa sababu sikutaka umcheke. Kumbe ulikuwa umeshamcheka.

Biira


Kasese, 10 Aprili 2025

Mama Eseri,

Barua ya Amoding nimempa. Aliisoma mbele yangu, akakunja, akasema, "Kumbe mlikuwa wawili." Beseni ni langu mpaka Pasaka ipite. Baada ya hapo watakaa wajadili.

Usifikiri tumepatana. Mutu anayeweza kunyamaza siku kumi na nane huku anaimba, huyo nitakula kwake nikiangalia mwiko wake unakokwenda. Hapa steji wananiita Mama Katwe. Hata wa bodaboda, hata watoto wao.

Kuhusu maharage ya msiba, nilisema kweli. Nilikuwa nimetoka njia ndefu, Jonan alikuwa analia kama alivyolia mama yetu alipokufa, yeye akiwa na miaka sita, na mimi sikujua niufanye nini mdomo wangu. Siyo sababu. Nakuambia tu.

Sasa mkono.

Daftari sikulichoma. Nilichoma yale makaratasi makubwa ya Ssali tu, nilitaka uogope. Mkono niliukata Januari kwa mkasi, nikifuata mstari, nikaubandika kwa uji wa muhogo kwenye ubao wa mlangoni, juu ya jerikani la kunawia, nikauwekea nailoni. Tangu siku za Ebola watu wanapenda kuona alama ya kunawa. Chini yake niliandika NAWA. Kwa hiyo kila aliyekula kwangu mwaka huu alinawa chini ya mkono wa mama yako. Hilo nimelifikiria sana tangu nipate barua yako.

Jana asubuhi nilikwenda kuubandua. Nailoni ilitoka. Karatasi ikakataa, uji umeshika kama saruji. Nikachemsha maji, nikayaacha yawe vuguvugu, nikalowesha kwa kitambaa taratibu, taratibu kabisa, Biira, kama mutu anayemwosha mtoto macho. Ulikuwa umeniandikia kwamba rangi ni kahawa. Umeiandika vizuri tu, nimeisoma, na nikaenda na maji.

Ilishuka yote kwenye ubao, kahawia. Kidole cha kwanza, cha pili. Nikasema niinyanyue haraka kabla haijaisha, ndiyo ikakatika. Imetoka vipande vipande kama ukoko wa uji. Nilikaa kwenye kizingiti na hivyo vipande kwenye vidole vyangu. Mteja mmoja akasema, "Mama Katwe, na chai je?" Nikamwambia aende akanywe kwao.

Kwa hiyo sina. Sina la kukurudishia. Salmah atakuletea daftari na masufuria Jumanne. Ukurasa nilioukata umebaki tundu tu, hauna kazi, nimeuweka kwenye kikapu cha karatasi za kuwashia sigiri. Hasira zako ziandike zote. Nitazisoma mpaka mwisho, hata zikiwa kurasa kumi.

Acan


Bwera, 11 Aprili 2025

Wifi Acan,

Nimekupigia mara nne kwa simu ya Salmah. Hata ya Salmah hupokei? Amesimama mlangoni, mzigo kichwani, anasema gari litamwacha na kwamba posta gani hii inayofokewa. Kwa hiyo naandika nimesimama, Eseri yuko mgongoni ananivuta nywele.

Hapo ulipofika, acha kusoma. Nenda kwenye kikapu chako cha kuwashia, utoe ule ukurasa, uuweke juu ya kabati, mbali na maji na mbali na moto. Nenda. Nitangoja.

Umerudi?

Sijakusamehe. Nimesoma barua yako nikalia, nikamenya muhogo, nikaisoma tena, na bado sijakusamehe. Na wewe usinisamehe haraka, tuwe sawa. Baba alipoona nalia aliuliza nani amekufa, nikamwambia hakuna, ni mambo ya mawifi. Akasema hayo ni mabaya zaidi.

Lakini sikiliza, wewe mwanamke. Ulikata kwa kufuata mstari. Umeniandikia mwenyewe. Rangi ilikuwa ndani, na imekwenda, nitailia peke yangu. Lakini ukingo wa lile tundu ni mkono wa mama, vidole vyote, pamoja na vile viwili. Usiseme hauna kazi.

Salmah ananitukana sasa. Naishia hapa.

Biira

Vitu ninavyongoja, hivi na si vingine:

Daftari la bluu, kurasa zote zilizobaki. Usizinyooshe, usifute mafuta, usimwonyeshe Ssali.

Masufuria mawili na kifuniko cha lile dogo. Salmah amekiona kwako juu ya chungu cha maharage, kwa hiyo usiseme hukijui.

Bonge moja la chumvi ya Katwe, la ncha ya kidole gumba. Kidole chako, si cha ukutani.

Jonan, Ijumaa Kuu, akiwa hajala kwako. Kama na wewe utapanda gari hilo, sitakufukuza, ila utakula nitakachopakua na hutasema neno juu ya chumvi.

Ukurasa wenye tundu. Usiukunje. Uweke katikati ya maboksi mawili, ufunge kwa kamba, na Salmah aupakate, asiukalie. Tundu usilizibe na usibandike kitu nyuma yake. Nitaulaza juu ya sinia, nichekeche unga wa muhogo mpaka tundu lijae, halafu niuinue ukurasa kwa mikono miwili. Nataka Eseri amwone bibi yake hapo kwenye sinia, vidole viwili vimepinda, kabla sijautia unga huo kwenye maji yanayochemka.